Maji ya chumvi ya kubadilishia tangi la samaki wa baharini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaofuga samaki wa baharini nyumbani huogopa kuchanganya maji kuliko wanavyopaswa, na huamini vipimo vyao kuliko wanavyopaswa. Kuchanganya ni kazi nyepesi. Matatizo mengi yanayosingiziwa chumvi mbaya hutokana na kifaa kilichosoma namba ya uongo, au na mtu aliyejaza tangi kwanza akapima baadaye. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu haya inahusu kupima.

Maji yakolee chumvi kiasi gani?

Maji ya bahari kuu huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja ya maji. Ukipima kwa densiti linganishi, yaani uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji baridi yasiyo na chumvi, utapata karibu 1.026 kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Bahari zenyewe hazifanani: Bahari ya Shamu hufika gramu 40 hivi, ilhali sehemu kubwa ya Bahari ya Baltiki haifiki 10. Samaki na matumbawe ya kufuga hutoka zaidi katika maji ya karibu na 35, kwa hiyo tangi la matumbawe huwekwa kati ya 1.025 na 1.026. Tangi la samaki peke yao huvumilia kushuka hadi 1.022 hivi bila shida.

Kwa maji ya kubadilishia, jibu ni fupi: yalingane na yaliyomo tangini. Samaki huona vigumu zaidi kuyumbishwa kila wiki kuliko kuishi kwenye 1.024 isiyobadilika.

Kwa nini nisitumie chumvi ya mezani? Si chumvi ni chumvi?

Hapana. Meli ya utafiti HMS Challenger ilizunguka bahari za dunia kati ya mwaka 1872 na 1876, na mkemia William Dittmar akachambua sampuli 77 za maji yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1884 yalionyesha kwamba maji yakolee sana au kidogo, uwiano wa madini makuu ndani yake ni karibu uleule kila mahali. Kwa uzito, kloridi ni kama asilimia 55 ya chumvi yote, sodiamu 30 na kidogo, salfati karibu 8, magnesiamu karibu 4, kisha kalsiamu na potasiamu kama asilimia moja kila moja.

Chumvi ya mezani ina viwili vya kwanza tu. Haina kalsiamu ya kujengea mifupa ya matumbawe, haina magnesiamu, wala haina bikaboneti zinazozuia pH isiporomoke. Juu ya hayo huongezwa iodini na dawa ya kuzuia isigande. Maji yatakuwa ya chumvi ulimini, na haidromita, yaani kifaa cha kupimia densiti hiyo, itakubali, lakini hayatakuwa maji ya bahari. Nunua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya samaki wa baharini.

Ninaishi karibu na bahari. Nichote tu?

Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo kwa miaka. Chota mbali na mito, bandari na mifereji ya maji taka, na usichote baada ya mvua kubwa, kwa sababu maji hayo huwa yamezimuliwa na kuchafuliwa na yaliyoteremka kutoka nchi kavu. Yachuje kwa kitambaa chenye nyuzi zilizosongamana, kisha yapime kama unavyopima ya kuchanganya. Usidhani ni 35 kwa kuwa yametoka baharini. Binafsi nachanganya mwenyewe, maana napenda kujua kilichomo ndani ya pipa.

Maji ya bomba yanafaa?

Wakati mwingine, ila ni bahati nasibu. Maji ya bomba yanaweza kuja na klorini au kloramini, nitrati, fosfati, silika, hata shaba kutoka kwenye mabomba. Shaba kidogo ambayo wewe hutaihisi kamwe inaweza kuua kamba, konokono na matumbawe. Nitrati na fosfati hazitaua leo, lakini zitalisha mwani miezi yote.

Klorini hutoka yenyewe ukiyaacha maji yakibubujika kwa hewa ya pampu kwa siku nzima. Kloramini haitoki hivyo. Hiyo huhitaji dawa ya kuondoa klorini, na dawa ikishaivunja huacha amonia nyuma, ndiyo maana wengine hupima maji mapya kabisa na kukuta amonia wakashangaa imetoka wapi.

Njia ya uhakika ni maji ya mashine ya RO, yaani inayosukuma maji kupitia utando mwembamba mno, yenye kichujio cha mwisho cha kuondoa ayoni, chembe za madini zilizosalia. Yapime kwa kalamu ya TDS, inayoonyesha jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini; yakisoma 0, au karibu nayo, anza kazi. Yakianza kupanda, badilisha vichujio kabla hujalaumu chumvi.

Basi kalamu hiyo ya TDS naweza kupimia na maji ya chumvi?

Hapana. Kalamu ya kawaida ni ya maji baridi, na maji ya bahari yanaizidi mbali. Itakupa namba fulani, au itagoma. Isiamini.

Nahitaji vyombo gani?

Pipa au ndoo ya plastiki ya kuhifadhia chakula, pampu ndogo ya kuzungusha maji, hita, kipimajoto, mizani ya jikoni, na kifaa cha kupimia chumvi. Pipa hilo lisifanye kazi nyingine, na lisiguswe na sabuni. Usitumie bati wala chombo chochote chenye shaba au zinki. Maji ya chumvi hula metali, na kilicholiwa huishia tangini.

Jambo moja dogo litakalokuokoa: siku ya kwanza, jaza pipa kwa jagi la lita uliyoihakiki, na kila lita 5 chora mstari kwa kalamu isiyofutika. Ndoo inayoitwa ya lita 20 mara nyingi hubeba zaidi ya 20 ikijaa hadi ukingoni, na hapo ndipo mahesabu ya watu huanza kwenda kombo.

Chumvi ngapi kwa lita ngapi?

Chumvi nyingi za matangi huhitaji kati ya gramu 36 na 40 kwa kila lita ya maji ili kufika 35. Zinazidi 35 kwa sababu chumvi hizo hubeba unyevu ndani ya chembe zake, na sehemu ya uzito unaopima ni maji. Soma maelezo ya pakiti yako, kisha anza upande wa chini. Kwa lita 20 weka gramu 720, zungusha, pima, ndipo uongeze. Kuongeza chumvi ni rahisi kuliko kuipunguza, kama mpishi yeyote atakavyokwambia.

Pima kwa mizani, si kwa kikombe. Kikombe cha chumvi laini iliyoshindiliwa na kikombe cha chumvi ya chembe kubwa havilingani uzito hata kidogo. Na kabla ya kuchota, libingirishe kopo au uugeuzegeuze mfuko, kwa sababu madini mazito na mepesi hujitenga yakisafirishwa. Ukichota juu tu kila wiki, maji ya mwezi huu hayatafanana na ya mwezi ujao ingawa namba ya ukolezi ni ileile.

Nianze na maji au chumvi?

Maji kwanza. Siku zote.

Sababu ni hii. Ukimimina maji kidogo juu ya rundo la chumvi, kwa dakika chache kunakuwa na mchuzi mkali mno chini ya pipa. Humo kalsiamu na kaboneti hukutana kwa wingi, hushikana na kuwa unga mweupe wa kalsiamu kaboneti, yaani chokaa. Unga huo hautayeyuka tena kwa kukoroga. Kwa hiyo jaza maji, washa pampu, leta joto kwenye nyuzi 24 hadi 26, kisha nyunyiza chumvi kidogokidogo pale mkondo unapopita. Usiimwage yote mara moja ikalala chini.

Maji yamekuwa meupe kama tui. Nimeharibu?

Ukungu wa mwanzo ni kawaida. Hewa na chembe ambazo hazijayeyuka huondoka ndani ya saa moja au chache. Ukibaki hadi kesho yake, na ukakuta utando mweupe mgumu kwenye hita na pampu, basi chokaa imejitenga. Chanzo huwa ama chumvi kumwagwa yote kwa mpigo, ama maji kuwa moto mno, ama kuzungushwa siku nyingi huku hita ikiwaka. Pima alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiporomoke, inayosomwa kwa kipimo cha dKH. Ikiwa ndani ya dKH 7 hadi 11, yatumie ukishaacha unga utulie chini. Ikiwa imeanguka chini ya hapo, wape samaki wasio na matumbawe au uyamwage. Utando wa kwenye pampu hutoka kwa siki.

Yachanganywe kwa muda gani?

Mpaka yawe angavu, na vipimo viwili vya saa tofauti vitoe namba moja. Kwa chumvi nyingi hizo ni saa chache. Mimi huchanganya jioni na kutumia asubuhi. Muda huo pia huyapa maji hewa: oksijeni huingia, kaboni dioksidi iliyozidi hutoka, na pH hutulia. Chumvi ambayo haijayeyuka ikitua juu ya tumbawe huliunguza, kwa hiyo usichanganye kamwe ndani ya tangi lenye viumbe.

Haidromita au refraktomita?

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopotelea.

Haidromita ya plastiki yenye mkono unaoinuka ni rahisi na haihitaji umeme. Udhaifu wake ni mapovu. Povu moja dogo likishika mkono huuinua, nayo husoma juu kuliko ukweli. Chumvi iliyokaukia kwenye ekseli hufanya kinyume au lolote inalotaka. Nilikuwa nayo moja iliyosoma 1.025 kwa miezi mingi, nikajisifu kwa umakini wangu. Siku nilipopata kifaa cha kulinganishia, tangi lilikuwa 1.021. Samaki walikuwa hai. Konokono ndio walionyamaza mmoja mmoja nami nikawa nalaumu chakula. Ukiitumia, ijaze polepole, igonge kidogo kwa kidole ili mapovu yatoke, na uisuuze kwa maji baridi kila mara.

Haidromita ya kioo inayoelea ni sahihi zaidi, lakini angalia ilitengenezwa kwa joto gani; huandikwa kwenye karatasi iliyo ndani yake. Ya nyuzi 15.6 ikitumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 25 itasoma chini kwa kama 0.002, nawe utaongeza chumvi isiyohitajika. Soma pale uso wa maji ulipo bapa, si pale maji yanapopanda kwenye shingo ya kioo.

Refraktomita hupima namna mwanga unavyopinda ukipita kwenye tone la maji. Matone mawili yanatosha. Funika kioo pasiwe na povu, subiri nusu dakika ili tone lipate joto la kifaa, kisha elekeza kwenye mwanga usome. Tatizo lake ni mbili: urekebishaji na skeli.

Kipimo cha upitishaji umeme ni chaguo la tatu. Maji ya 35 husoma milisimensi 53 kwa sentimita kwenye nyuzi 25. Ni kizuri ukisafisha ncha zake na kukirekebisha kwa kimiminika chake, la sivyo nacho hutangatanga.

Nirekebishe refraktomita kwa maji ya RO au kwa kimiminika maalumu?

Kimiminika cha 35. Maji safi hukuthibitishia kwamba sifuri ni sifuri, lakini wewe husomi sifuri, unasoma 35. Kifaa kinaweza kuwa sahihi mwanzo wa skeli na kupotoka mwisho wake.

Kingine ni kwamba refraktomita nyingi za bei ya chini zimetengenezwa kupima chumvi ya kawaida, sodiamu kloridi, si maji ya bahari. Hizo husoma maji ya bahari ya 35 kama 36.5 hivi. Ukichanganya hadi zionyeshe 35, maji yako yako karibu na 33.5. Si msiba, ila ni vizuri kujua.

Ukikosa kimiminika cha dukani, kitengeneze: gramu 36.5 za sodiamu kloridi kavu katika gramu 963.5 za maji safi, jumla kilo moja. Mchanganyiko huo hupinda mwanga sawa na maji ya bahari ya 35, kwa hiyo zungusha skrubu mpaka skeli isome 35. Ni kwa refraktomita tu. Usiutumie kuhakiki haidromita wala kipimo cha umeme, huko namba zake ni nyingine.

Nimepima, yamekolea mno. Au yamepwaya. Nifanyeje?

Yakizidi, ongeza maji safi. Gawanya ukolezi ulio nao kwa unaoutaka, toa moja, zidisha kwa lita. Lita 20 zenye 38, unataka 35: 38 kwa 35 ni 1.086, toa moja inabaki 0.086, mara 20 ni lita 1.7.

Yakipwaya, zidisha pengo kwa lita. Lita 20 zenye 32 zina pengo la 3, hivyo gramu 60, na kwa ajili ya ule unyevu weka 65. Zungusha saa moja, pima tena. Haya yote yafanyike pipani. Maji yakimwagika hayazoleki, na yakiingia tangini ni vilevile.

Tangi langu ndilo lililopotoka, si pipa. Nilirudishe vipi?

Polepole. Usipandishe zaidi ya 0.001 ya densiti linganishi kwa siku. Njia ya upole ni kutumia maji ya kubadilishia yenyewe: tangi la lita 200 lenye 31, ukitoa lita 40 na kuweka lita 40 za 35, litafika 31.8. Rudia baada ya siku chache. Samaki wengi huvumilia kushushwa kuliko kupandishwa. Kamba, nyota za baharini na matumbawe hawapendi lolote kati ya hayo.

Mbona ukolezi unabadilika wakati sijagusa kitu?

Kwa sababu maji huruka na chumvi hubaki. Kinachopungua kwa mvuke ni maji matupu, hivyo fidia yake ni maji safi, kamwe si ya chumvi. Anayejaza pengo la mvuke kwa maji ya chumvi kila siku anajitengenezea shamba la chumvi bila kujua. Kwa upande mwingine, skima, mashine inayotoa uchafu kwa mapovu, hutoa povu lenye chumvi, na matone hukauka kwenye ukingo wa kioo, kwa hiyo tangi linaloongezwa maji safi tu hupwaya taratibu. Pima tangi kila wiki, saa ileile, baada ya kufidia mvuke.

Nibadilishe kiasi gani?

Asilimia 10 kwa wiki, au 20 kwa wiki mbili, ni desturi inayofanya kazi. Ila usitarajie miujiza ya hesabu. Tangi lenye nitrati 40 ukibadilisha asilimia 10 litashuka hadi 36. Ukifanya hivyo mara nne hutakuwa umeondoa asilimia 40 bali 34 tu, kwa kuwa kila mara unatoa pia sehemu ya maji mapya. Ukitaka nitrati ishuke haraka, badilisha nusu kwa mara moja, maji yakiwa yamelingana kila kitu.

Na asilimia 10 ya nini? Tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 50 ni lita 250 kwenye karatasi. Toa mawe, mchanga na nafasi ya juu isiyojazwa, huenda umebakiwa na 200.

Siku yenyewe ya kubadilisha, nisisahau nini?

Zima hita ya tangini kabla maji hayajashuka. Kioo cha moto kikibaki hewani hupasuka. Zima pia mtambo wa kufidia mvuke, la sivyo utaona maji yamepungua na kumimina maji safi, halafu wewe uongeze ya chumvi juu yake. Hili huwapata hata wazoefu. Bandika utepe kwenye kioo kuonyesha mwisho wa kutoa, na urudishe hadi mstari wa juu. Joto la maji mapya lisipishane na la tangi kwa zaidi ya nyuzi moja hivi. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likifuata waya lidondokee sakafuni.

Naweza kuchanganya mengi na kuyahifadhi?

Ndiyo, wiki kadhaa, kwenye pipa lenye kifuniko na mbali na jua. Kifuniko ni muhimu: bila hicho mvuke utayakoleza. Yakae bila hita, uyapashe na kuyazungusha saa chache kabla ya matumizi, kisha uyapime upya. Pipa la akiba lenye asilimia 20 ya tangi litakufaa siku samaki amefia nyuma ya mawe na amonia imepanda usiku. Chumvi kavu nayo ifungwe kabisa, kwani magnesiamu kloridi iliyomo hunyonya unyevu wa hewa. Ikishagandamana kuwa jiwe, mizani haikwambii tena ukweli.

Maji ya zamani niyapeleke wapi?

Kwanza suuzia sponji na vichujio humo, maana maji ya bomba huua bakteria walioko ndani yake. Kisha yamwage kwenye mfereji wa ndani ya nyumba. Usiyamwage bustanini, chumvi itaua mimea, wala mtoni au baharini, kwa kuwa huenda yana mbegu za mwani au vimelea vya viumbe wasiotoka huko.